Maswali ya Wasomaji: Kelele za Ndege na Sheria za Miji Jirani

Swali: Mhariri, pokea salamu zangu. Kwa miaka kadhaa niliishi Long Beach, kusini mwa California, karibu na uwanja wa ndege wa mji huo, na ilipofika saa nne usiku ndege za abiria zilikuwa zimekwisha. Sasa nimehamia Inglewood, ambako si mbali, ni nusu saa tu kwa gari barabara ikiwa wazi. Hapa ndege zinapita juu ya paa letu moja baada ya nyingine hadi usiku wa manane. Kisha zinatulia, na kabla ya saa moja asubuhi zinaanza tena. Jirani yangu anasema nchi ni moja na sheria ni moja. Ikiwa ni hivyo, mbona mji mmoja unalala na mwingine unakesha? Na halmashauri yetu ya Inglewood inashindwa nini kutunga sheria kama ile ya Long Beach?
*Msomaji, Inglewood, California*

Jibu: Ndugu msomaji, jirani yako amesema kweli lakini hajamaliza. Anga la Marekani ni moja na liko chini ya serikali ya shirikisho, kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga inayojulikana kwa herufi FAA. Njia za angani, kimo cha ndege na maelekezo ya waongoza ndege ni mambo ambayo hakuna mji unaoruhusiwa kuyagusa. Viwanja vyenyewe, hata hivyo, yaani ardhi, njia za kurukia na majengo ya abiria, vina wenyewe: vingine ni mali ya miji, vingine ya kaunti, na vingine ya miji kadhaa kwa pamoja. Tofauti unayoisikia kati ya Long Beach na Inglewood inatokana na mambo mawili, nayo ni nani mwenye uwanja, na kama masharti yake yalianza kabla ya mwaka 1990 au baada yake.

Umiliki una uzito huo kwa sababu ya fidia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karibu na Greensboro katika jimbo la North Carolina, aliishi mfugaji wa kuku aliyeitwa Thomas Lee Causby. Ndege za kijeshi zilipokuwa zikitua katika uwanja wa jirani zilipita futi 83 tu juu ya ardhi yake, sawa na mita 25 hivi, na kuku kwa hofu walirukia kuta wakafa. Siku nyingine walikufa sita hadi kumi, jumla yao ikafika kama 150, mpaka mwenyewe akaacha ufugaji. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali, kwa kuipitisha ndege chini kiasi hicho na mara nyingi kiasi hicho, ilikuwa imechukua sehemu ya mali ya raia na ilipaswa kumlipa. Mwaka 1962, katika kesi ya Griggs dhidi ya Kaunti ya Allegheny iliyohusu uwanja wa Pittsburgh, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba wa kulipa ni mwenye uwanja, si mashirika ya ndege wala serikali ya shirikisho. Kutoka hapo hoja ilijijenga yenyewe: anayebebeshwa mzigo wa fidia hana budi kupewa nafasi ya kuupunguza, na kwa sababu hiyo mwenye uwanja akatambuliwa kuwa anaweza kuweka masharti ya kelele katika mali yake, mradi yawe na msingi, yasibague na yasiibane biashara baina ya majimbo kupita kiasi.

Mji usio na uwanja hauna nafasi hiyo, na ushahidi uko kaskazini yako, Burbank. Mwaka 1970 halmashauri ya mji huo ilipitisha sheria ndogo iliyokataza ndege za jeti kuruka kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi. Uwanja ulikuwa ndani ya mipaka ya mji, lakini ulikuwa mali ya kampuni ya Lockheed. Ningependa wasomaji waone jinsi katazo hilo lilivyokuwa dogo: safari pekee ya ratiba iliyoguswa ilikuwa moja, ya Jumapili usiku saa tano na nusu, ya ndege iliyotoka Oakland na kupitia Burbank kwenda San Diego. Hata hivyo kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1973 majaji watano dhidi ya wanne waliifuta sheria hiyo, kwa maelezo kwamba udhibiti wa kelele za ndege ni wa shirikisho na kwamba kila mji ukijipangia saa zake, anga litakosa utaratibu. Hukumu zote tatu nilizozitaja, ya kuku, ya Pittsburgh na ya Burbank, ziliandikwa na jaji mmoja, William O. Douglas. Katika hukumu hii ya mwisho kuna tanbihi fupi iliyoliacha wazi suala la mwenye uwanja, na katika tanbihi hiyo ndimo Long Beach ilimopata pa kupita.

Uwanja wa Long Beach ni mali ya jiji lenyewe. Mwaka 1981 jiji lilipunguza safari za mashirika ya ndege kuwa 15 kwa siku, mashirika yakashtaki, na kesi ikaendelea kwa zaidi ya mwongo mmoja hadi maridhiano ya mwaka 1995. Sheria ndogo iliyotokana nayo ndiyo uliyokuwa ukiishi chini yake. Safari za mashirika makubwa hupangwa kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku. Iliyochelewa kwa sababu zisizotarajiwa huvumiliwa hadi saa tano. Na baada ya hapo kikomo cha kelele kwa tukio moja hushuka hadi desibeli 79, ambacho ni vigumu mno kwa ndege ya kawaida ya abiria kukitimiza. Jiji liliahidi nafasi zisizopungua 41 kwa siku kwa ndege kubwa na 25 kwa ndege ndogo za abiria. Nafasi hizo zaweza kuongezwa, ila kwa sharti ninaloliona kuwa la busara kuliko yote: kelele za mwaka mzima hupimwa na kulinganishwa na bajeti iliyowekwa kwa kufuata hali ya mwaka 1989 hadi 1990, na bajeti ikiwa haijatumika yote, nafasi huongezwa. Hivyo mwaka 2016 ziliongezwa safari 9 na kuwa 50, kwa kuwa injini za siku hizi zina kelele ndogo kuliko za zamani. Shirika la ndege linafaidika likileta ndege tulivu, na wakazi hawapotezi kitu. Anayevunja masharti hutozwa faini. Kuna wakati shirika moja lililokuwa na safari nyingi pale lilikubaliana na mwendesha mashtaka wa jiji kwamba kila likichelewa litalipa fedha katika mfuko wa kusaidia maktaba za umma za Long Beach.

Halafu ukaja mwaka 1990. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kelele na uwezo wa viwanja, na sheria hiyo ilikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja mashirika yaliamriwa kuondoa ndege zao za kelele nyingi, zile zenye uzito wa zaidi ya pauni 75,000 (kama kilo 34,000), hadi kufikia tarehe 31 Desemba 1999. Kwa upande wa pili viwanja vilinyang'anywa uhuru wa kuweka masharti mapya dhidi ya ndege za kisasa, isipokuwa mashirika yakubali au FAA iidhinishe baada ya uchunguzi mrefu wa gharama na manufaa. Masharti yaliyokuwa na mizizi kabla ya sheria hiyo yaliachwa yaendelee. Long Beach ilikuwa tayari mahakamani, kwa hiyo ikasalimika.

Wengine waliosalimika ni wakazi wa Newport Beach, na habari yao inakuhusu kwa karibu zaidi, kwa kuwa wao, kama ninyi, hawamiliki uwanja. Uwanja wa John Wayne ni mali ya Kaunti ya Orange, lakini ndege zikiruka huelekea baharini juu ya nyumba za Newport Beach. Kaunti ilipotaka kuupanua, mji huo pamoja na vikundi viwili vya wakazi waliibana mahakamani, na mwaka 1985 pande zote zikatia saini maridhiano: idadi ya abiria kwa mwaka iwe na ukomo, na ndege za abiria zisiruke kabla ya saa moja asubuhi, au saa mbili siku ya Jumapili, wala baada ya saa nne usiku, huku kutua kukiruhusiwa hadi saa tano. Maridhiano hayo yameongezewa muda mara kadhaa; ukomo wa abiria umepandishwa, lakini katazo la usiku limelindwa hadi mwaka 2035. Ukipata kusafiri kutoka hapo utalihisi jambo lenyewe mwilini: ndege hupanda kwa mwinuko mkali, kisha ghafla rubani hupunguza nguvu za injini na mngurumo hufifia, mpaka ndege ivuke pwani ndipo nguvu zirudishwe. Abiria wageni hushtuka. Chini yao kuna vipima kelele vya kudumu vinavyoandika kila ndege imepita kwa desibeli ngapi.

Sasa narudi kwako Inglewood. Ndege unazozisikia zinakwenda kutua katika uwanja mkuu wa kimataifa wa Los Angeles, maarufu kama LAX, ambao ni mali ya Jiji la Los Angeles. Mji wako uko nje ya mipaka ya jiji hilo, upande wa mashariki wa njia za kurukia, na kwa kuwa upepo kwa kawaida huvuma kutoka baharini, ndege hukaribia kutoka mashariki, yaani juu yenu. Halmashauri ya Inglewood ikitunga leo sheria ya kukataza ndege za usiku, itakutana na hukumu ya Burbank ya mwaka 1973 na sheria ya mwaka 1990 kwa pamoja, na sioni wakili atakayeiokoa.

Ule utulivu wa usiku wa manane unaousikia si wa bahati. Kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili na nusu asubuhi LAX hugeuza utaratibu: ndege hutua zikitokea upande wa bahari na huruka kuelekea bahari hiyohiyo, hali ya hewa ikiruhusu, ili miji ya mashariki ipumzike. Muda huo ukiisha, safu ya ndege hurudi juu ya paa lenu, na ndiyo maana mnaamshwa kabla ya saa moja. Tatizo ni kwamba huo ni utaratibu tu. Kuna usiku ambapo rubani wa ndege nzito, kwa sababu ya upepo, huomba kurukia upande wa mashariki, nanyi mnaupata mngurumo wote. Jiji la Los Angeles lenyewe, likiwa mwenye uwanja, liliomba idhini ya kuyapiga marufuku maruko hayo ya mashariki katika saa hizo chache za usiku, na mwaka 2014 FAA ilikataa. Burbank nayo ilikuwa imekataliwa mwaka 2009. Tangu mwaka 1978 uwanja ule ni mali ya pamoja ya miji mitatu, Burbank, Glendale na Pasadena, na mashirika huombwa kwa hiari yasipange safari kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi; wenye uwanja walipotaka hiari hiyo iwe lazima, walikuwa wamechelewa.

Nasema wazi kwamba naliona jambo hili kuwa dhuluma. Haki ya usingizi imegawanywa kwa kufuata hati za ardhi na tarehe ya kufungua kesi, na waliowahi kufungua kesi ni wale waliokuwa na mawakili. Newport Beach ni mji wa matajiri, nao waliweza kuibana kaunti kwa miaka mingi; familia za Inglewood, nyingi zikiwa za wafanyakazi Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, zilibaki na njia ya madai ya fidia. Njia hiyo haikufungwa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya wakazi wa Westchester, ambao ni majirani zenu, iliamua kwamba anayesumbuliwa na kelele za LAX anaweza kumdai mwenye uwanja fidia ya kero. Fidia, hata hivyo, haimrudishii mtoto usingizi.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mipango miji. Nimesoma kwamba mji wa Santa Monica umeamua kuufunga kabisa uwanja wake wa ndege. Je, hii haioneshi kwamba mji ukitaka unaweza?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Inaonesha kwamba mji unaomiliki uwanja, wenye fedha na usiochoka, unaweza baada ya karibu nusu karne. Miaka ya 1970 Santa Monica ilipiga marufuku ndege zote za jeti. Mwaka 1979 mahakama ya shirikisho ililifuta katazo hilo kwa sababu iliyo rahisi kueleweka: baadhi ya jeti mpya zilikuwa na kelele ndogo kuliko ndege za pangaboi zilizoruhusiwa, kwa hiyo mji ulikuwa ukiibagua aina ya injini badala ya kuzuia kelele. Lakini mahakama hiyohiyo ilikubali kikomo cha desibeli 100 kwa tukio moja, kwa vile kiliwahusu wote sawasawa, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Kwa mtu wa mipango miji hili ni fundisho la thamani: sharti linalopima kelele lilisimama, na sharti lililotaja aina ya ndege likaanguka.

Makubaliano na FAA ya mwaka 1984 yalishusha kikomo hadi desibeli 95. Mwaka 2008 mji ulijaribu tena kuzizuia jeti zenye mwendo mkali, safari hii kwa hoja ya usalama, ukashindwa tena. Ndipo mwaka 2017 pande mbili zikafikia amri ya maridhiano iliyothibitishwa na mahakama: mji uliruhusiwa kuufupisha mara moja urefu wa njia ya kurukia kutoka futi 4,973 hadi futi 3,500, hatua iliyozizuia jeti nyingi kubwa, na kuufunga uwanja baada ya tarehe 31 Desemba 2028. Kwa hiyo uwanja haujafungwa bado. Usisahau pia kwamba ndege zinazokataliwa na mji mmoja huhamia uwanja mwingine wa karibu, na wanaozipokea hawakuulizwa.

Swali: Nilipima kelele kwa programu ya simu nikapata desibeli 80 ndege ikipita. Ramani ya uwanja inasema mtaa wetu uko chini ya 65. Ni nani asemaye kweli?
*Msomaji, El Segundo, California*

Jibu: Nyote mwasema kweli, ila hampimi kitu kimoja. Simu yako imesoma kilele cha sauti katika nukta moja ya wakati. Ramani inaonesha wastani wa saa 24 kwa mwaka mzima. California hutumia kipimo ambamo ndege inayopita kati ya saa moja jioni na saa nne usiku huhesabiwa kama ndege tatu, na inayopita kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi huhesabiwa kama kumi. FAA hutumia kipimo kinachofanana nacho, lakini chenye nyongeza ya usiku peke yake. Mstari wa desibeli 65 ndio unaotenganisha makazi yanayotambuliwa kuathirika na yasiyotambuliwa.

Tuchukue mfano. Sauti yote ya ndege moja inayopita ikikusanywa kana kwamba imetolewa kwa sekunde moja, ile iliyosoma 80 katika simu yako yaweza kufika karibu na 90, kwa sababu mngurumo wake hudumu. Ili ndege za namna hiyo ziufikishe wastani wa 65, zinahitajika takriban 275 mchana, au 27 au 28 tu za usiku wa manane. Mtaa wenye ndege 200 za mchana na hakuna hata moja ya usiku utakuwa nje ya mstari, ingawa hakuna mazungumzo yatakayomalizika barazani bila kukatizwa. Wastani unaficha tukio, na kwa maoni yangu ramani za viwanja zingepaswa kuchapisha pia idadi ya matukio kwa kila mtaa.

Jambo la kufanya ni hili. Uliza ofisi ya kelele ya uwanja nyumba yako iko upande gani wa mstari katika ramani ya sasa. Walio ndani ya 65, na ambao kelele ndani ya vyumba vyao inazidi desibeli 45, wanaweza kustahili kubadilishiwa madirisha na milango na kuwekewa mtambo wa kupitisha hewa kwa fedha za shirikisho na za uwanja; Inglewood na El Segundo zimekuwa na mipango ya namna hiyo. Unapolalamika, andika saa na dakika, maana rada na vipima kelele huhifadhi kumbukumbu, na lalamiko lenye dakika hulinganishwa na ndege yenyewe. Vikao vya jukwaa la wakazi na LAX, lililoundwa mwaka 2000, viko wazi kwa umma. Na ukipewa mkataba wa kubadilishiwa madirisha, usome wote kabla ya kutia saini, hasa uangalie kama una kifungu cha kuuachia uwanja haki ya kupitisha ndege na kelele juu ya nyumba yako, kwa kuwa kifungu hicho husajiliwa pamoja na hati ya nyumba na humfunga hata atakayeinunua baada yako.